Asilimia 35.1 iko wapi kwenye mshahara wangu? Utafiti wa mishahara na programu za kupanga malipo, kwa lugha ya sokoni

Mei Mosi 2025, mjini Singida, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuwa kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kitapanda kwa asilimia 35.1, kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000, kuanzia Julai. Miaka mitatu kabla yake tangazo lilikuwa la asilimia 23.3, kutoka 300,000 hadi 370,000, na wengi tunakumbuka kilichofuata Julai ile ya 2022. Watumishi walifungua slipu wakitarajia karibu robo ya mshahara juu, wakakuta nyongeza ndogo, na manung'uniko yakaenea kila kona. Oktoba 2025 likaja la sekta binafsi: asilimia 33.4, kuanzia Januari 1, 2026. Mara zote tatu swali la vijiweni limekuwa lile lile. Asilimia yangu imekwenda wapi?

Nimefanya kazi za rasilimali watu Dar es Salaam kwa miaka mingi. Nimejaza fomu za utafiti wa mishahara, nimepanga nyongeza za watu mamia kwa Ekseli, na baadaye kwa programu. Kutoka upande huo wa meza naona watu wanalumbana kuhusu namba tatu tofauti wakidhani ni moja. Kila upande una haki yake, lakini hawazungumzii kitu kimoja.

Basi tuanze na maneno.

Kima cha chini ni sakafu ya kisheria. Serikali huiweka kwa amri ya mshahara, na kwa sekta binafsi hapa Tanzania amri hiyo hugawanywa kisekta: kilimo, ulinzi binafsi, madini, kazi za nyumbani na nyinginezo. Anayelipa chini ya hapo anavunja sheria. Asilimia inayotangazwa jukwaani ni ya sakafu hiyo. Ukiinua sakafu ya chumba, dari haijongei, na hakuna sheria inayomlazimisha mwajiri kuinua kila kilichomo ndani kwa kipimo hicho hicho.

Bei ya soko ni kitu kingine. Hiyo ni kiasi ambacho waajiri wengine wanalipa kwa kazi kama yako. Haitangazwi jukwaani, inatafutwa, na kuitafuta huko ndiko tunakoita utafiti wa mishahara.

Cha tatu ni mshahara wako wewe, ambao una mabishano yake kwa sababu hata wenyewe si namba moja. Chukua mtu aliyeandikiwa shilingi 1,200,000 kwenye barua ya ajira, kwa viwango vya mwaka wa fedha 2024/25. NSSF inakata asilimia 10 kwake, yaani 120,000. Kodi ya mapato, PAYE, inapigwa kwenye 1,080,000 inayobaki na kuzaa 152,000. Mkononi anapokea 928,000. Geukia upande wa mwajiri: juu ya ile 1,200,000 anaongeza 120,000 ya NSSF, 42,000 ya tozo ya kuendeleza ufundi stadi, na 6,000 ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Kwake mtu huyu anagharimu 1,368,000. Mfanyakazi akiulizwa nyumbani anataja 928,000. Afisa rasilimali watu anataja 1,200,000. Mkurugenzi wa fedha, akitetea bajeti yake, anataja 1,368,000. Wote watatu wanasema kweli, ila ukichanganya namba zao kwenye jedwali moja unapata uongo.

Ndiyo maana ukisikia mtu anasema "wahasibu siku hizi wanalipwa milioni moja na nusu," swali la kwanza ni: milioni na nusu ipi? Ya msingi? Pamoja na posho ya nyumba na usafiri? Kabla ya makato au baada?

Kenya wameweka chombo cha kikatiba kwa sehemu ya jambo hili. Ibara ya 230 ya Katiba ya 2010 ilianzisha Tume ya Mishahara na Marupurupu, inayopanga malipo ya maafisa wa dola na kuishauri serikali kuhusu watumishi wengine wa umma. Jina lenyewe linafundisha, maana halikuishia kwenye mishahara. Walioliandika walijua kuwa marupurupu ndiko pesa inakojificha. Julai 2024, wakati vijana wako barabarani wakiandamana, nyongeza iliyokuwa imechapishwa kwenye gazeti la serikali kwa wabunge na maafisa wengine ilisitishwa. Hasira ya wananchi, ukiisikiliza vizuri, ilikuwa juu ya kifurushi kizima.

Sasa twende sokoni

Nenda Ilala asubuhi uulize bei ya nyanya. Mmoja atakutajia bei ya tenga, mwingine ya ndoo, wa tatu ya sado, na mama wa pembeni ana mafungu. Ukiandika namba zote nne kwenye daftari na kupiga wastani, utapata bei ambayo hakuna anayeuza. Kila mtoto aliyewahi kutumwa sokoni analijua hilo, lakini kwenye mishahara tunalisahau.

Kisha kuna lumbesa. Gunia la kilo mia linajazwa, linashonewa kilemba juu, na linauzwa kwa bei ya gunia moja. Kwa jina ni gunia, kwa mizani ni zaidi. Wakala wa Vipimo wamepigana na lumbesa kwa miaka, kwa sababu mkulima analipwa kwa jina la kipimo huku anatoa uzito mwingine. Kazi nyingi za mishahara nchini mwetu ni za lumbesa. Mtunza stoo wa duka moja la vifaa vya ujenzi Ubungo anapokea mzigo, anaandika kwenye leja, anafunga mlango saa kumi na moja. Mtunza stoo wa mgodi kule Kahama anasimamia vipuri vya thamani ya mabilioni, anaagiza kutoka nje ya nchi, ana vijana sita chini yake, na mtambo ukisimama usiku kwa kukosa kipuri ni yeye anayeamshwa. Wote wana cheo kimoja kwenye kitambulisho.

Utafiti wa mishahara unaofanywa vizuri ni kazi ya kupima uzito huo kabla ya kuuliza bei. Kampuni inayoendesha utafiti huandaa maelezo mafupi ya kazi za mfano, labda aya moja kwa kila kazi: anafanya nini, anaamua nini mwenyewe, anasimamia nani, anahitaji elimu na uzoefu upi. Waajiri wanaoshiriki wanapokea maelezo hayo, na afisa wa kila shirika anakaa na kuamua: mtu wetu huyu, majukumu yake yanafanana na ya kazi ipi ya mfano? Kawaida tunayoifuata wengi ni kwamba kama majukumu hayafanani kwa walau asilimia 70, usilinganishe. Acha wazi. Baada ya hapo ndipo anajaza mshahara wa msingi, posho moja moja, bonasi, na mara nyingine bima na gari. Shirika la utafiti linakusanya, linasafisha, linapiga simu pale namba inapotia shaka, kisha linarudisha ripoti isiyo na majina.

Hatua ya kulinganisha kazi ndiyo inayonifanya niandike makala hii. Hapo ndipo mshahara wako unapoamuliwa hasa, miezi kabla hujaitwa kuambiwa nyongeza, na mara nyingi anayeamua ni mtu mmoja aliyechoka, mwenye fomu ya mistari mia mbili na siku tatu za kuijaza. Akikuona wewe ni "mtunza stoo" wa kawaida kwa sababu ndivyo cheo kinavyosema, ripoti itarudi na bei ya gunia la kawaida, hata kama kila siku unabeba lumbesa. Baada ya hapo hakuna hesabu itakayokuokoa. Fomula zote zitakazofuata zitakuwa sahihi, zikifanya kazi juu ya jibu lisilo sahihi.

Wastani unavyodanganya

Ripoti ya utafiti ikija, kurasa zake zimejaa herufi P: P25, P50, P75. Ofisini tunasema "pi ishirini na tano", "pi hamsini", "pi sabini na tano". Zinatisha bure.

Panga mstari wahasibu kumi na mmoja, kuanzia anayelipwa kidogo hadi anayelipwa zaidi. Tuseme, kwa mfano tu, wanalipwa hivi kwa maelfu ya shilingi: 900, 950, 1,000, 1,100, 1,150, 1,200, 1,300, 1,400, 1,500, 1,800, na yule wa mwisho, aliye kampuni ya gesi, 6,000. Wa sita, aliye katikati kabisa ya mstari, anapata 1,200,000. Hiyo ndiyo mediani, ndiyo P50: nusu wako chini yake, nusu juu yake. Wa tatu, mwenye 1,000,000, ndiye P25, mpaka wa robo ya chini. Wa tisa, mwenye 1,500,000, ndiye P75, mpaka wa robo ya juu.

Sasa piga wastani wa kawaida, jumlisha wote ugawe kwa kumi na mmoja. Unapata kama 1,663,600. Angalia tena mstari: watu tisa kati ya kumi na mmoja wanalipwa chini ya hapo. Mhasibu mmoja wa gesi amewavuta wote juu kwenye karatasi bila kuwaongezea hata senti. Mtu akikuambia "wastani wa soko ni milioni 1.66" na wewe unalipwa 1.3, utatoka ofisini umevunjika moyo wakati uko juu ya nusu ya wenzako. Kinyume chake pia hutokea: menejimenti inajisifu kwamba "tunalipa wastani" ilhali imechagua kundi la kulinganisha lenye waajiri dhaifu tupu.

Na hilo la kuchagua kundi ni pana. Soko lipi? Shirika la Dar linaloshindana na mashirika ya kimataifa ya Masaki kupata mtaalamu wa takwimu lina soko moja. Kiwanda cha Mwanza kinachotafuta fundi umeme kina lingine, kwa sababu fundi huyo hatahama mji kwa tofauti ya elfu hamsini. Umoja wa Mataifa wenyewe una kanuni ya tangu 1949, iitwayo kanuni ya Flemming, kwamba wafanyakazi wanaoajiriwa kutoka mji husika walipwe kwa kufuata masharti bora yaliyopo mji ule. Kwa hiyo kwa watumishi wa namna hiyo kwenye ofisi zake za Gigiri, Nairobi, au Arusha, wanapimwa waajiri bora wa eneo, si waajiri wote. Ukichukua ripoti iliyojengwa juu ya waajiri wa namna hiyo na kuitumia kuwapangia mishahara walimu wa shule binafsi ya mtaani, utafilisi shule. Ukifanya kinyume chake utabaki bila watu.

Namba nazo huzeeka. Takwimu zilizokusanywa Julai zikitumika Januari zimechakaa miezi sita. Tukidhani soko linapanda asilimia 6 kwa mwaka, tunaongeza asilimia 3, na ile 1,200,000 inakuwa 1,236,000. Kazi hii tunaiita kuzeesha takwimu. Palipo na mishahara ya dola mambo yanageuka zaidi. Katikati ya 2024 dola moja ilikuwa juu ya shilingi 2,600, na kuelekea mwisho wa mwaka ule ikashuka hadi karibu 2,400. Mtu mwenye dola 1,000 kwa mwezi alionekana kwenye jedwali ameshuka kwa takribani laki mbili, bila mshahara wake kuguswa na yeyote. Ripoti isiyosema tarehe ya kubadilisha fedha haifai kuaminiwa kwa kazi zinazolipwa dola, hata jalada lake liwe zuri kiasi gani.

Programu inaingia wapi?

Kwa miaka mingi kazi hii yote imefanyika kwa Ekseli, na sehemu kubwa ya waajiri wetu bado wako huko. Sina ubaya na Ekseli. Tatizo lake ni kwamba haikumbuki na haiulizi. Nimeshuhudia, katika ofisi moja, mtu akipanga upya safu ya majina kwa alfabeti akasahau kuichukua na safu ya nyongeza. Majina yakahama, namba zikabaki. Barua za nyongeza zilikuwa zimeshachapishwa pale mtu mmoja alipogundua kwamba dereva ameongezewa pesa za meneja. Hakuna aliyeiba, na hakuna aliyejua ni nani alifanya kosa na saa ngapi, kwa sababu faili lilikuwa limepita mikono minne kwa barua pepe, kila mkono na nakala yake.

Programu za kupanga malipo zilizaliwa kuondoa adha hiyo. Ukiifungua mojawapo ndani, utakuta droo tatu. Ya kwanza ina watu: nani yuko, yuko ngazi gani, analipwa nini, ametoka kwenye mfumo wa mishahara. Ya pili ina soko: ripoti za utafiti, wakati mwingine mbili au tatu, na kila kazi ya ofisi imefungwa kwenye kazi ya mfano. Ya tatu ina kanuni: bajeti ya nyongeza ni kiasi gani, ngazi zina mipaka ipi, aliyefanya vizuri apate nini. Programu inasoma droo zote tatu na kutoa pendekezo kwa kila jina, inamwonyesha kila meneja watu wake tu, na inaandika nani amebadilisha nini.

Turudi kwa wahasibu wetu. Ofisi imeamua kulipa kwa mediani, kwa hiyo katikati ya ngazi ya mhasibu ni 1,236,000. Wameweka mpaka wa chini asilimia 80 ya hapo, 988,800, na wa juu asilimia 120, 1,483,200. Mhasibu wa kwanza analipwa 1,000,000, yaani asilimia 81 ya katikati. Wa pili yuko 1,400,000, asilimia 113. Wote wamefanya kazi vizuri. Bajeti ni asilimia 6. Programu, kwa kanuni ilizopewa, inampa wa kwanza asilimia 9 na wa pili asilimia 3.

Hapa ndipo ugomvi wa kila mwaka unapoanzia. Wa pili anakuja ofisini: "Mimi nina miaka kumi hapa, kijana wa juzi kapewa mara tatu yangu!" Kwa asilimia ni kweli. Kwa shilingi, kijana ameongezewa 90,000 na kufika 1,090,000. Yeye ameongezewa 42,000 na kufika 1,442,000. Bado anamzidi kwa 352,000. Kanuni inajaribu kumvuta aliye chini ya soko aende katikati, na kumpunguzia mwendo aliye juu. Unaweza kuipinga kanuni hiyo, na mimi mwenyewe naona mara nyingi inawaumiza wenye uzoefu ambao hawana ngazi ya kupandia. Lakini inabidi uijue kwanza ndipo uipinge. Ofisi zinazotoa asilimia bila kueleza kanuni zinajitafutia fitina.

Jibu moja sikubaliani nalo kabisa, na nimelisikia mara nyingi mno: "Mfumo umekataa." Mfumo haukatai. Mtu fulani, mwezi fulani, aliandika kwamba asiyefikisha miezi sita kazini asipate nyongeza, au kwamba jumla ya idara isizidi kiasi fulani. Kanuni hiyo ina mwenyewe na ina tarehe. Mfanyakazi anastahili kuambiwa kanuni ni ipi na nani anaweza kuibadilisha.

Kuna wanaoamini pia kwamba kwa kuwa namba imetoka sokoni, basi ni ya haki. Soko linabeba desturi zake. Kama waajiri wote kumi waliojaza fomu wamekuwa wakiwalipa kidogo makatibu muhtasi, kwa kuwa ni kazi iliyozoeleka kuwa ya wanawake, mediani itarudi ikiwa ndogo, na programu itaipitisha kama ilivyo. Sheria inaangalia zaidi ya hapo. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 5, inamtaka mwajiri alipe malipo sawa kwa kazi zenye thamani sawa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kazini. Kusema "ndivyo wengine wanavyolipa" hakujibu lolote kati ya hayo.

Wanaobanwa katikati

Sakafu ikipanda na dari ikabaki palepale, anayebanwa ni aliyesimama karibu na sakafu. Fikiria kampuni ya ulinzi. Walinzi wa kawaida wako kwenye kima cha chini, na kiongozi wa zamu, aliyetumikia miaka minane, anawazidi kwa shilingi elfu sitini. Amri mpya inakuja, walinzi wanapandishwa kwa lazima ya kisheria, na ile elfu sitini inayeyuka. Januari anaamka analipwa sawa na kijana anayemfundisha kufunga geti. Hajapunguziwa hata shilingi. Lakini amepoteza kitu, na anajua.

Hili ndilo linalowaumiza watu wengi wa ngazi za kati baada ya kila tangazo, umma na binafsi. Kulirekebisha kunataka pesa ambazo hazikutajwa jukwaani, kwa sababu ukimsogeza kiongozi wa zamu inabidi umsogeze na msimamizi aliye juu yake. Programu nzuri huonyesha jambo hili mapema: unaingiza sakafu mpya kabla haijaanza, unaona ngazi zipi zimegongana na kurekebisha kutagharimu kiasi gani. Mwajiri anayesubiri hadi slipu ya Januari itoke anaweza kuliona kwa njia ya barua za kuacha kazi.

Kwa nini usionyeshwe mshahara wa jirani?

Watu huuliza kwa nini ripoti haitaji kampuni gani inalipa nini. Usiri ni sababu moja. Faili la mishahara ni taarifa binafsi. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya wana yao ya 2019, na bado naona majedwali ya mishahara yenye majina kamili yakirushwa kwenye makundi ya WhatsApp ya mameneja. Hilo likome.

Sababu ya pili ni nzito zaidi. Mwaka 1994 Wizara ya Sheria ya Marekani ilishtaki hospitali kadhaa za eneo la Salt Lake, jimbo la Utah, pamoja na chama cha maofisa wao wa rasilimali watu, kwa kupeana taarifa za mishahara ya wauguzi, zikiwamo nyongeza walizokuwa wanakusudia kutoa. Kila hospitali ikijua mwenzake hataongeza, hakuna inayoongeza. Muuguzi anazunguka mlango kwa mlango akidhani anajadiliana na soko, kumbe anajadiliana na watu walioketi pamoja. Mwaka 1996 ukatoka mwongozo kwa sekta ya afya: utafiti uendeshwe na mtu wa tatu, takwimu ziwe na umri wa zaidi ya miezi mitatu, kila namba itokane na waajiri wasiopungua watano, na asiwepo mmoja mwenye uzito wa zaidi ya robo. Watafiti wengi wa mishahara walizigeuza kanuni hizo kuwa desturi. Februari 2023 Wizara hiyo iliuondoa mwongozo huo, ikisema umepitwa na wakati. Naielewa hofu yake. Ripoti ya kitabu ya mara moja kwa mwaka ni jambo moja. Programu inayosoma mishahara ya maelfu ya waajiri kila wiki na kuwashauri wote kwa fomula moja inaweza kufanya kazi ya ile meza ya Utah bila mtu kukaa mezani.

Kwa hiyo ukiingia kuzungumza nyongeza yako, usiende na mshahara wa rafiki yako wala na asilimia ya jukwaani. Ulizia kazi yako imelinganishwa na kazi ipi ya mfano, kwenye utafiti wa mwaka gani. Ofisi makini itafungua faili na kukusomea aya ile. Isome nawe, taratibu, ukihesabu yale unayofanya ambayo hayamo. Mtunza stoo wa Kahama akiona aya inasema "anapokea na kutunza vifaa" basi, ameshapata pa kuanzia: vijana sita, maagizo ya nje, simu za usiku. Aombe maelezo ya kazi yaandikwe upya kabla fomu ya utafiti wa mwaka huu haijajazwa, kwa maana ikishatumwa, gunia limeshashonwa.